Gumzo Likikataa Kuunganika: Mwongozo wa Kutafuta Hitilafu katika Pidgin

Mtu aliye na akaunti tatu au nne za gumzo, kila moja ikiwa na itifaki yake, akazikusanya zote katika programu moja ya Pidgin ili asihangaike na madirisha mengi, hupata raha kubwa maadamu mambo yanakwenda. Lakini siku programu hiyo inapotangaza kwamba imeshindwa kuunganika, raha ile hugeuka udhia, kwani mambo yanayoweza kuharibika ni mengi na yote humfikia katika kisanduku kimoja kidogo cha onyo. Aghalabu mwenye udhia huo huanza kugeuza mpangilio huu na ule bila utaratibu, akafuta akaunti na kuiandika upya, akaiondoa programu na kuiweka tena, na mwisho wa jioni hajui kosa la asili lilikuwa lipi na makosa aliyoyaongeza kwa mkono wake ni yapi. Njia iliyo bora ni kuuliza kwanza ila iko mahali gani, kisha kugusa kitu kimoja tu kwa wakati, na kukirudisha kilivyokuwa kama hakikuleta faida.

Yafaa kujua programu yenyewe ilivyojengwa, kwa sababu ujenzi wake ndio unaotuonyesha pa kuanzia. Pidgin ilianza mwaka 1998 kwa jina la Gaim, kazi ya Mark Spencer, ikikusudiwa kuingia katika huduma ya AOL Instant Messenger. Baadaye ikaongezewa itifaki moja baada ya nyingine, na mwaka 2007 ikachukua jina ililo nalo leo baada ya mashauri marefu na kampuni ya AOL juu ya haki ya jina la zamani. Ndani yake mna maktaba iitwayo libpurple, na juu ya maktaba hiyo kila itifaki ina kipande chake, kinachojua kusema na seva za namna yake tu: kipande cha XMPP hakijui lolote la IRC, wala cha IRC hakijui lolote la XMPP. Vyote, hata hivyo, hutoka nje kwa njia moja, yaani kadi moja ya mtandao, proksi moja ya jumla ikiwa umeiweka, saa moja ya kompyuta, na hazina moja ya vyeti vya usalama.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujagusa kitu chochote, ni hili: je, akaunti zote zimeshindwa, au imeshindwa moja? Zikiwa zimeshindwa zote kwa pamoja, sababu iko katika kile kinachoshirikiwa, na kazi yako ni kutazama kompyuta na mtandao wako. Ikiwa imeshindwa moja na nyingine zinazungumza, usipoteze nguvu kuzimisha na kuwasha ruta, kwa maana ruta ile ile inazipitisha zile nyingine salama. Kisha fanya majaribio mawili. La kwanza, washa mtandao wa simu yako uiunganishe kompyuta kwa huo badala ya waifai ya nyumbani au ya ofisi. La pili, ingia katika akaunti ile ile kwa programu nyingine: mwenye akaunti ya XMPP anaweza kuitumia Gajim katika kompyuta au Conversations katika simu ya Android. Akaunti inayokataa katika ofisi na kukubali kwa mtandao wa simu imeshitaki mtandao wa ofisi. Inayokataa katika Pidgin na kukubali katika Gajim, ndani ya mtandao ule ule, imeshitaki mipangilio ya Pidgin. Na inayokataa kila mahali imeshitaki ama nenosiri ama seva. Majaribio haya huchukua dakika chache, nami nayapendelea kuliko kitu kingine chochote kitakachotajwa hapa chini.

Tuseme zimeshindwa zote. Katika nchi za Afrika Mashariki liko jambo moja ambalo miongozo iliyoandikwa ng'ambo hailitaji, nalo ni bando. Kampuni za simu huuza, pamoja na bando za intaneti nzima, bando za mitandao ya kijamii tu, ambazo humfungulia mnunuzi WhatsApp au Facebook na kumwachia mlango wa intaneti iliyobaki umefungwa. Aliyenunua bando la namna hiyo huona ujumbe wa WhatsApp unaingia na kutoka, akahukumu kwamba mtandao ni mzima na kwamba Pidgin ndiyo yenye kosa, ilhali seva ya gumzo lake haikuwamo kabisa katika kile alichokilipia. Usiitumie WhatsApp kuwa kipimo cha mtandao. Fungua kivinjari, uingie tovuti ya kawaida ambayo haina uhusiano wowote na kampuni kubwa za mitandao ya kijamii, nayo isiwe tovuti uliyoifungua leo, kwani kivinjari huweza kukuonyesha nakala iliyohifadhiwa. Ikifunguka, intaneti ipo.

Jambo la pili ni waifai ya hoteli, ya mkahawa au ya uwanja wa ndege. Mitandao hiyo hukupokea, ikakuonyesha alama ya kuunganika, lakini haikupitishi mpaka uandike namba ya chumba au ukubali masharti katika ukurasa maalumu. Kivinjari kinaweza kuuonyesha ukurasa huo, Pidgin haiwezi. Yenyewe hupata majibu isiyoyatarajia, ikalalamika kuhusu cheti au kukaa kimya hadi muda wake ukamalizika. Fungua kivinjari kwanza, maliza masharti, kisha urudi kwenye gumzo.

La tatu ni proksi iliyosahauliwa. Mfanyakazi aliyeelekezwa na mafundi wa ofisi kuandika anwani ya proksi katika mipangilio ya Pidgin, akaibeba kompyuta yake ya mkononi hadi nyumbani, ameibeba na proksi ile, nayo haifikiki kutoka nyumbani. Ukumbuke kwamba Pidgin ina mahali pawili pa proksi: pa jumla, katika mapendeleo ya programu, na pa kila akaunti, katika kichupo cha Proxy cha akaunti yenyewe, na kilichoandikwa katika akaunti hukishinda kilichoandikwa katika jumla. Watu wengi husafisha pale pa kwanza na kushangaa kwamba hakuna kilichobadilika.

La nne ni saa, nalo nitalikalia kidogo kwa sababu huwasumbua wengi na hushukiwa na wachache. Mawasiliano mengi ya siri katika intaneti hutegemea vyeti, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta iliyozeeka, hasa ya mitumba, huwa na betri ndogo katika ubao wake iliyokwisha nguvu, na kila umeme unapokatika saa yake hurudi nyuma miaka mingi. Ikiwashwa hukitazama cheti halali cha mwaka huu na kukiona kuwa ni cha wakati ambao haujafika, ikakikataa. Mwenyewe huona akaunti zake zote za siri zimeanguka pamoja, na huenda kivinjari nacho kikamletea maonyo. Kabla ya kulaumu seva yoyote, tazama saa, tarehe, mwaka na ukanda wa majira vilivyo pembeni mwa kioo chako. Ukiona mwaka si wenyewe, urekebishe, kisha ununue betri. Ni kitu cha bei ndogo.

Ikiwa onyo linasema kwamba jina la seva halikupatikana, au lina neno "resolving" ndani yake, basi ila iko katika DNS, yaani mfumo unaogeuza jina kuwa anwani ya namba. Andika 1.1.1.1 au 8.8.8.8 katika mipangilio ya DNS ya kompyuta, ujaribu tena. Na ziko siku ambazo ila iko mbali kuliko yote haya: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika, na watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi za jirani wakaona intaneti imelegea au imekatika kabisa. Siku kama hiyo tovuti zilizo karibu zaweza kufunguka huku seva ya gumzo iliyoko Ulaya ikishindwa kujibu kwa wakati, na hakuna mpangilio wa Pidgin utakaoziba pengo la baharini.

Sasa tuje kwa akaunti iliyoanguka peke yake. Swali la kwanza juu yake ni la majonzi kidogo: je, huduma yake ingali hai? Pidgin imezishinda kwa umri nyingi katika huduma ilizojengewa. MSN Messenger iliondolewa duniani mwaka 2013, ikabaki China peke yake hadi mwaka uliofuata. Facebook iliufunga mlango wake wa XMPP mwaka 2015. AOL Instant Messenger ilizimwa tarehe 15 Desemba 2017. Yahoo Messenger tarehe 17 Julai 2018. Na ICQ, iliyozitangulia zote mwaka 1996, tarehe 26 Juni 2024. Google nayo, iliyowahi kuikaribisha Pidgin katika Google Talk kwa XMPP, haipo tena katika njia hiyo. Intaneti imejaa maelekezo ya zamani ya kuzitengeneza akaunti hizi, yenye namba za poti na picha za kila hatua, na msomaji mwaminifu aweza kuyafuata herufi kwa herufi bila kupata kitu. Hakuna dawa ya akaunti ya namna hiyo ila kuifuta. Kinachonisikitisha katika orodha hii ni kwamba watu walikuwa wamehifadhi humo urafiki na aila zao, na uamuzi wa kuzima ulikuwa wa mwenye kampuni peke yake. Na hii ndiyo sababu napendekeza kwa moyo wote kwamba mwenye nafasi ya kuchagua achague XMPP au IRC, ambazo hazimilikiwi na mtu, na ambazo seva moja ikifungwa watu huhamia nyingine.

Huduma ikiwa hai, soma maneno ya onyo. Wengi hulifunga kabla ya kulisoma, nao hutupa ushahidi ulio bora kuliko wote walio nao. Angalia kwanza Pidgin imefanya nini baada ya kulionyesha: ikiwa inajaribu tena yenyewe kila baada ya muda, imehukumu kwamba kosa ni la mtandao na kwamba laweza kupita; ikiwa imeizima akaunti na kusema kwamba haitajaribu tena mpaka urekebishe kosa, basi imekutana na jambo ambalo subira haitaliponya, kama nenosiri lisilokubaliwa au usalama usiopatikana. Tofauti hii peke yake hukata nusu ya mambo ya kuchunguza.

Kisha pambanua kati ya kukataliwa na kunyamaziwa. Mgeni apigaye hodi hujua kwamba kuambiwa kutoka ndani "hayupo" ni jambo moja, na kusimama kizani bila jibu ni jambo jingine. Onyo lenye maneno "Connection refused" ni jibu: ujumbe wako umefika katika kompyuta ya mbali, na kompyuta hiyo imesema kwamba katika poti ile hapana huduma, ama umeandika poti isiyo yake, ama programu ya seva imezimika na msimamizi wake hajaiwasha. Onyo lenye maneno "timed out" ni kimya: ujumbe wako umepotea njiani, na aghalabu aliyeumeza ni fayawali, ya kompyuta yako au ya ofisi yako. Katika Windows waweza kuyathibitisha haya bila Pidgin kwa kufungua PowerShell na kuandika Test-NetConnection, kisha jina la seva, kisha -Port 5222. Katika Linux programu ya nc au telnet hufanya kazi hiyo hiyo. Ikiwa poti inafunguka hapo na Pidgin bado inashindwa, usiushuku tena mtandao.

Nimetaja 5222 kwa kuwa ndiyo poti ya kawaida ya mteja wa XMPP. Itifaki hii, iliyoanzishwa na Jeremie Miller mwaka 1999 kwa jina la Jabber, humpa kila mtu anwani iliyo mfano wa barua pepe, na kosa linaloongoza kwa wageni wake ni la uandishi tu: Pidgin huuliza jina la mtumiaji katika kisanduku kimoja na jina la seva katika kisanduku cha pili, Domain, naye mtu huandika anwani nzima katika kile cha kwanza. Kosa la pili limo katika kichupo cha Advanced, katika kisanduku cha Connect server. Kisanduku hiki ni cha kuilazimisha Pidgin iende kwenye kompyuta fulani badala ya kuuliza DNS ni kompyuta ipi inayohudumia jina lile. Kiache kitupu isipokuwa msimamizi wa seva amekuambia ukijaze. Na ukikuta kimejazwa kitu ulichokiandika miaka iliyopita, kifute kwanza, kwa sababu wasimamizi huhamisha seva zao toka kompyuta hii hadi ile, na DNS huwafuata lakini kisanduku chako hakiwafuati.

Ofisi nyingi, vyuo vingi na waifai nyingi za umma hupitisha poti mbili tu, 80 na 443, ambazo ni za tovuti, na kuzifunga nyingine zote. Mtu aliye humo hawezi kuifikia 5222 kwa vyovyote. Seva nyingine za XMPP zimeiona shida hii na hupokea wateja katika 443 pia. Soma maelezo ya seva yako, na kama inatoa huduma hiyo, andika 443 katika poti, jina la kompyuta yake katika Connect server, na uchague aina ya zamani ya SSL katika kisanduku cha usalama wa muunganisho. Seva nyingine hutoa anwani ya BOSH, inayopitisha mazungumzo ndani ya HTTP, nayo ina kisanduku chake hapo hapo. Lakini ikiwa fayawali imewekwa na mwajiri wako kwa kusudi la kuzuia gumzo wakati wa kazi, basi hilo ni suala la kuzungumzwa naye kabla ya kuzungumzwa na kompyuta.

Nakuja kwenye jambo ambalo nalitilia mkazo kuliko yote, nalo ni usalama wa muunganisho. Katika kichupo kile kile cha Advanced utakuta uchaguzi wa kulazimisha usimbaji, au kuutumia ukipatikana, na chini yake kisanduku cha kuruhusu nenosiri lipite wazi katika njia isiyosimbwa. Onyo likisema kwamba umetaka usimbaji na seva haina, kishawishi cha kwanza ni kulegeza uchaguzi ule, na kwa kweli akaunti huenda ikafunguka. Walakini unalolifanya ni kutoa nenosiri lako, na maneno ya kila rafiki aliyekuamini, mbele ya kila mtu aliye njiani kati yako na seva, kuanzia jirani wa mkahawani hadi mwenye ruta. Tena, seva iliyokuwa ikisimba jana na leo ikadai kwamba haiwezi, yaweza kuwa siyo seva yenyewe inayosema bali mtu aliyejiweka katikati. Acha uchaguzi uwe wa kulazimisha, acha kisanduku cha nenosiri wazi kiwe tupu, na kama akaunti haifunguki kwa masharti hayo, isifunguke leo. Unayezungumza naye hakukupa idhini ya kuyaanika maneno yake.

Onyo la cheti nalo lina sababu zake, na kila sababu ina dawa mbali. Cheti kilichokwisha muda mara nyingi ni cha msimamizi ambaye mashine yake imeshindwa kukihuisha. Vyeti vya Let's Encrypt, ambavyo vimeenea katika seva ndogo, vimekuwa vikidumu siku 90 tu, basi kosa dogo huonekana upesi, nawe huna la kufanya ila kumjulisha. Cheti ambacho mtoaji wake hajulikani mara nyingi hakina kosa lolote, ila kompyuta yako imepitwa na wakati: tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha asili kiitwacho DST Root CA X3 kilimaliza muda wake, na vyombo vingi vya zamani vilivyokitegemea vikaanza kuzikataa seva zilizo salama kabisa. Kadhalika, matoleo ya kwanza ya TLS, itifaki inayosimba muunganisho, yaani 1.0 na 1.1, yalitangazwa rasmi kuwa yameachwa mnamo Machi 2021, na Pidgin ya kale isiyojua matoleo ya baadaye itakwambia "SSL Handshake Failed" mbele ya seva iliyojirekebisha. Katika mambo haya mawili dawa ni moja: weka toleo jipya la Pidgin, na uuhuishe mfumo wa kompyuta.

Iko pia hali ya cheti alichojitolea msimamizi mwenyewe, kama ilivyo katika seva za vikundi vidogo na za maofisi. Hapo Pidgin hukuuliza kama unakikubali. Usibonyeze ndiyo kwa haraka. Fungua maelezo ya cheti, usome alama zake za kidole, yaani ile safu ya herufi na namba, kisha mpigie simu msimamizi akusomee zake, mzilinganishe. Ukishakikubali, Pidgin hukihifadhi. Na siku msimamizi atakapokibadilisha, nakala ya zamani yaweza kuleta mgogoro, ambao huondoka kwa kuifuta katika dirisha la vyeti lililo chini ya menyu ya Tools. Kabla ya kuifuta, muulize msimamizi kama kweli amekibadilisha.

Juu ya nenosiri maneno machache yatatosha. "Not Authorized" maana yake ni kwamba mtandao wako ni mzima, seva ni nzima, usalama ni mzima, na jina au nenosiri ndilo lililokataliwa. Liandike mahali unapoliona, ulinakili, ulibandike. Kama ulilibadilisha kwa simu au kwa tovuti, Pidgin bado inalo lile la zamani.

IRC ina tabia zake. Itifaki hii, aliyoitunga Jarkko Oikarinen huko Oulu, Finland, mwaka 1988, kwa kawaida hutumia poti 6667 kwa maneno ya wazi na 6697 kwa yaliyosimbwa, nami nakushauri uende 6697 moja kwa moja na kuweka alama katika kisanduku cha SSL. Kuweka poti ya siri bila alama ile, au alama bila poti, ndilo kosa la kila siku. Mtandao ukikatika ghafla, seva hudhani kwa dakika kadhaa kwamba ungali humo, na ukirudi hukuambia jina lako linatumika: subiri, au tumia NickServ, huduma ya seva inayosimamia majina, kumwondoa yule aliye kivuli chako. Kwa watumiaji wa mtandao wa simu kuna adha nyingine: kampuni nyingi za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, hivyo mmoja wao akifanya ufisadi katika chumba fulani na anwani ikafungiwa, wote hufungiwa pamoja naye. Dawa yake, katika mitandao kama Libera Chat, ni kusajili jina lako ukiwa mahali pengine na kisha kuwasha SASL katika kichupo cha Advanced, ili utambulikane kwa jina lako kabla hujahukumiwa kwa anwani. Na usijaribu kuingia mara kwa mara kwa pupa. Seva huhesabu, na mwenye pupa hufungiwa kwa pupa yake hata kama kosa la mwanzo limekwisha.

Wako wanaounganika vizuri lakini hukatika kila baada ya dakika kadhaa za ukimya. Ruta na mitambo ya simu huweka daftari la mawasiliano yaliyo wazi, na mawasiliano yasiyopitisha kitu kwa muda hufutwa humo bila kuarifu upande wowote. Wewe hujiona ungali ndani, seva hukuona ungali ndani, na ujumbe wako hauendi popote. Ukiona hali hii kwenye waifai moja na huioni kwenye nyingine, ruta ndiyo yenye tabia hiyo. Kwa kompyuta ya mkononi, chunguza pia kama inajilaza usingizi au inaizima kadi ya waifai ili kuokoa betri.

Yote yakishindikana, fungua menyu ya Help na uchague Debug Window, kisha iwashe akaunti huku dirisha hilo likiwa wazi. Mistari itapita kwa wingi; usitishike. Tafuta ule wa mwisho kabla ya kukatika, na uisome ile kama kumi iliyoutangulia: utaona jina lilivyotafutwa, anwani iliyopatikana, poti iliyojaribiwa, usimbaji ulivyoanza, na mahali hasa mambo yaliposimama. Waweza pia kuianzisha Pidgin kwa kuandika pidgin -c na jina la folda tupu, nayo itaanza kama programu mpya isiyo na historia. Akaunti ikifunguka humo, kosa limo katika folda yako ya kawaida, .purple. Ihifadhi folda hiyo kwa hadhari: ndani yake mna faili accounts.xml, ambamo Pidgin ya mfululizo wa pili huandika nenosiri ulilolihifadhi kwa herufi za wazi. Usimtumie mtu faili hiyo, hata fundi unayemwamini, na mistari ya Debug Window nayo uisome kabla ya kuituma, uyafute majina ya rafiki zako na maneno yao.

Imebaki hali moja ambayo huwachosha watu bure. Umeunganika, rafiki zako wa seva yako mwenyewe unawaona, ila mmoja aliye katika seva nyingine ya XMPP huonekana daima kuwa hayupo, na ujumbe wako kwake hurudi. Hapa hapana kitu cha kurekebisha kwako. Seva yako na seva yake huzungumza kwa njia yao zenyewe, kwa kawaida katika poti 5269, na njia hiyo ndiyo iliyovunjika. Mwandikie msimamizi wako. Mpe anwani yako, anwani ya seva ya pili, maneno ya onyo kama yalivyo, toleo la Pidgin, na wakati lilipotokea. Wakati huo uandike kwa saa 24 na kwa UTC, kwa kuwa daftari za seva nyingi huandikwa hivyo: kosa lililotokea Mombasa saa 2 na dakika 10 usiku, atalikuta kwake penye 17:10.